Nahodha Mmoja Sebuleni: Sayansi ya Rimoti Inayoongoza Vyombo Vingi

Jioni za mwezi Julai wilayani Ludewa ni za baridi kali. Ukungu huteremka mapema kutoka safu ya milima ya Livingstone, na watu wazima huingia ndani kabla giza halijakolea. Chukua mfano wa nyumba moja ya mji wa Ludewa. Imekaribia saa mbili usiku, na bibi mwenye nyumba anataka kusikiliza taarifa ya habari. Mahindi yake yamekwisha vunwa na kupukuchuliwa, naye angependa kujua ununuzi wa nafaka utaanza lini na kwa bei gani. Mezani mbele yake ziko rimoti tatu: ya runinga, ya king'amuzi na ya sabufa. Mjukuu aliyezoea kuziendesha amekwisha rudi shule ya bweni.

Bibi anabonyeza kitufe chekundu cha rimoti ya kwanza. Runinga inawaka, lakini kioo chake kinabaki buluu, na juu yake yametokea maneno ya kigeni asiyoweza kuyasoma. Anabonyeza rimoti ya pili. Taa ndogo ya king'amuzi inabadilika rangi, lakini picha haiji. Anaijaribu ya tatu, na sasa hata sauti imetoweka. Habari alizozingoja zinasomwa na kwisha bila yeye kuzisikia. Umeme umelipiwa, king'amuzi kimelipiwa, na vyombo vyote ni vizima. Kilichokosekana ni ujuzi wa kuviamuru kwa mpangilio.

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Rimoti, ambayo katika Kiswahili sanifu huitwa pia kitenzambali, ilibuniwa ili kumpunguzia mtu kazi; lakini rimoti nyingi katika chumba kimoja huiongeza kazi hiyo. Dawa mojawapo ni rimoti ya jumla, yaani kifaa kimoja kinachoweza kupangwa ili kiongoze vyombo vya aina na viwanda mbalimbali. Ili kuielewa dawa hiyo, na pia mipaka yake, ni lazima kwanza kufahamu namna amri inavyosafiri kutoka mkononi hadi kwenye chombo.

JINSI RIMOTI ZILIVYOONGEZEKA

Zanzibar ilianza kutangaza kwa runinga, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, vituo vya kwanza vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Katika siku hizo runinga ilipokea mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye antena, na kwa hiyo rimoti moja ilitosha.

Hali ilibadilika tarehe 31 Desemba 2012, Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza. Katika utangazaji wa dijitali picha na sauti husafiri zikiwa tarakimu zilizobanwa pamoja, na runinga ya zamani haiwezi kuzifumbua. Kikahitajika chombo cha kati, king'amuzi, nacho kikaja na rimoti yake. Katika nchi ya milima kama Ludewa mawimbi ya mnara wa ardhini huzuiwa kwa urahisi na vilele na mabonde. Dishi, lipokealo mawimbi kutoka katika setilaiti iliyo kilometa zipatazo 36,000 juu ya ikweta, halizuiliwi na mlima ulio kati ya kijiji na mji. Linahitaji tu uwazi kuelekea angani. Hata hivyo dishi nalo ni lazima liunganishwe na king'amuzi. Ilipoongezwa sabufa ili kukuza sauti, rimoti zikawa tatu, na kila moja ina vitufe vipatavyo arobaini.

KUTOKA WAYA HADI MWANGA

Wazo la kuamuru chombo kwa mbali ni la kale kuliko runinga. Mwaka 1898 mhandisi Nikola Tesla alionyesha jijini New York mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio. Kwa upande wa runinga, kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa mwaka 1950 rimoti iliyounganishwa na runinga kwa waya mrefu. Waya huo ulikatiza chumbani na watu wakajikwaa.

Mwaka 1955 Eugene Polley, mhandisi wa kampuni hiyo hiyo, aliondoa waya na badala yake akatumia tochi. Pembe nne za kioo cha runinga ziliwekwa vipokea mwanga, na kila pembe ilikuwa na kazi yake. Tatizo lilikuwa jua: mwanga wake ulipoangukia pembe mojawapo, runinga ilibadili stesheni yenyewe. Mwaka uliofuata mwenzake, Robert Adler, alitumia sauti zilizo juu mno kuweza kusikiwa na sikio la binadamu. Ndani ya rimoti yake nyundo ndogo ziligonga fito za aluminiamu, nayo haikuhitaji betri hata moja. Njia hiyo ilitumika kwa zaidi ya miaka ishirini, ingawa mlio wa funguo au sarafu uliweza nao kuidanganya runinga. Katika miaka ya 1980 nafasi yake ilichukuliwa na mwanga wa infraredi, ambao ndio unaotumika katika rimoti nyingi hadi leo.

MWANGA USIOONEKANA

Infraredi iligunduliwa mwaka 1800 na mwanafalaki William Herschel nchini Uingereza. Aliutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akapima joto la kila rangi, kisha akakiweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Kipimajoto kilipanda. Ilidhihirika kwamba jua hutoa pia miale isiyoonekana.

Mwale wa rimoti ni wa jamii hiyo. Hutolewa na diodi ndogo iliyo mbele ya rimoti, na urefu wa wimbi lake kwa kawaida hukaribia nanometa 940. Jicho la mtu huona hadi karibu nanometa 700 tu. Kwa kuwa mwale huo ni mwanga, hufuata sheria za mwanga: husafiri katika mstari mnyoofu, huzuiwa na ukuta, na huakisiwa na kioo. Ndiyo maana rimoti ya chumbani haiwezi kuzima runinga ya jirani aliye nyuma ya ukuta, lakini inaweza kuifikia kupitia dirisha lililo wazi.

Lakini jua, taa na hata mwili wa mtu hutoa infraredi. Runinga hutambuaje mwale wa rimoti katikati ya miale hiyo yote? Jibu ni kwamba rimoti haitoi mwanga mfululizo. Diodi huwaka na kuzimika haraka sana, mara nyingi kwa frikwensi ya mitikisiko 38,000 kwa sekunde. Kipokezi cha runinga kimetengenezwa ili kiipuuze infraredi isiyo na mdundo huo. Ni sawa na mtu aliye katika soko lenye makelele ambaye hata hivyo huusikia mdundo wa ngoma anayoifahamu.

LUGHA YA RIMOTI

Juu ya mdundo huo huwekwa ujumbe. Viwanda mbalimbali vina lugha zao. Mojawapo inayotumika sana ni ile iliyoanzishwa na kampuni ya NEC ya Japani. Katika lugha hiyo rimoti kwanza hutoa mdundo kwa milisekunde 9, kisha hunyamaza kwa milisekunde 4.5. Huo ni mwito, kama mtu abishaye hodi. Baadaye hufuata tarakimu 32, kila moja ikiwa 0 au 1. Tarakimu 0 ni mdundo mfupi unaofuatwa na kimya kifupi, jumla milisekunde 1.125. Tarakimu 1 ni mdundo ule ule mfupi unaofuatwa na kimya kirefu zaidi, jumla milisekunde 2.25.

Tarakimu nane za kwanza ni anwani ya chombo kinachoitwa, na nane zinazofuata ni anwani hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa: kila 0 imekuwa 1 na kila 1 imekuwa 0. Kisha huja tarakimu nane za amri yenyewe, nazo pia hurudiwa zikiwa zimegeuzwa. Kwa mfano, amri namba 18 huandikwa 00010010, na kinyume chake ni 11101101. Chombo hulinganisha sehemu hizo mbili. Zisipopatana, huitupilia mbali amri nzima. Kwa njia hiyo mng'ao wa taa au mkono uliopita mbele ya rimoti hausababishi amri ya uongo.

Mwanafunzi anaweza kuhesabu muda wa ujumbe huo. Kila kundi pamoja na kinyume chake lina tarakimu 0 nane na tarakimu 1 nane, hata ujumbe ukiwa upi. Muda wake ni 8 × 1.125 + 8 × 2.25, yaani milisekunde 27. Makundi mawili ni milisekunde 54, na mwito ni milisekunde 13.5. Jumla ni milisekunde 67.5. Mwanga wenyewe huchukua nanosekunde 13 tu kuvuka chumba cha meta nne. Muda karibu wote hutumika katika kusema. Safari yenyewe ni kama si kitu.

Anwani ndiyo inayoeleza mambo mawili yanayowashangaza wengi. Kwanza, rimoti ya runinga haiamuru king'amuzi hata kikiwa kando yake, kwa kuwa hakikuitwa, au kimeitwa kwa lugha nyingine. Pili, katika kibanda cha kuonyeshea mpira chenye runinga mbili za kiwanda kimoja, bonyezo moja hubadili zote mbili, kwa kuwa zote zina anwani ile ile.

RIMOTI YA JUMLA INAVYOFANYA KAZI

Ikiwa kila amri ni mfuatano wa midundo na vimya, basi kifaa chochote kinachoweza kutoa mfuatano huo kitatiiwa. Chombo hakijui nani anayekiamuru. Juu ya msingi huo ndipo ilipojengwa rimoti ya jumla, iliyoanza kuuzwa Marekani katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alitoa kupitia kampuni yake nyingine rimoti iliyokuwa kwa hakika kompyuta ndogo ya mkononi.

Rimoti hizo ni za aina mbili kuu. Aina ya kwanza hutoka kiwandani ikiwa na misimbo ya vyombo vingi katika kumbukumbu yake. Mtumiaji hutazama katika kijitabu namba ya chombo chake na kuiingiza, au huiacha rimoti ijaribu misimbo mmoja baada ya mwingine hadi chombo kizimike, hapo huithibitisha. Hii ni rahisi na ya bei nafuu, ila chombo kisichokuwamo katika orodha hakiwezi kuamuriwa.

Aina ya pili ni rimoti ijifunzayo. Mbali na diodi ya kutoa mwale, ina pia kipokezi. Rimoti ya zamani na hii mpya huelekezwa uso kwa uso, sentimeta chache baina yao, mbali na mwanga wa jua. Kitufe cha ile ya zamani kikibonyezwa, rimoti mpya hupima urefu wa kila mdundo na kila kimya, huuandika katika kumbukumbu, na kuukabidhi kwa kitufe kilichochaguliwa. Haielewi maana ya amri, kama vile kinasa sauti kisivyoelewa hotuba. Huikariri tu kwa usahihi. Rimoti nyingi za ving'amuzi zina vitufe vichache vya namna hii kwa ajili ya kuwasha runinga na kupandisha sauti. Baadhi ya simu nazo zina diodi ya infraredi na huweza kupangwa vivyo hivyo.

Ni vyema kukumbuka mpaka mmoja. Rimoti za baadhi ya runinga mpya hutumia mawimbi ya redio, hasa zile zinazopokea amri kwa sauti ya mtu. Rimoti inayojifunza infraredi haiwezi kuzinasa amri hizo.

AMRI MOJA, KAZI NYINGI

Manufaa makubwa zaidi ya rimoti iliyopangwa ni uwezo wa kutoa mfuatano wa amri kwa bonyezo moja: washa runinga, ngoja sekunde kumi, chagua mlango wa king'amuzi, washa king'amuzi, washa sabufa. Muda wa kungoja ni muhimu, kwani runinga inayoamka haisikilizi amri. Ikiambiwa mapema mno itaupoteza ujumbe.

Hapa ndipo penye mtego. Katika vyombo vingi kitufe cha kuwasha na cha kuzima ni kimoja. Maana yake hasa ni "geuza hali uliyo nayo". Tena rimoti ya infraredi husema bila kusikia jibu; haijui chombo kimewaka au kimelala. Umeme unapokatika na kurudi, jambo ambalo hutokea mjini na vijijini, runinga yaweza kurudi ikiwa imelala na king'amuzi kikarudi kikiwa kimewaka. Bibi akibonyeza kitufe chake kimoja, runinga inawaka na king'amuzi kinazimika. Akibonyeza tena, runinga inazimika na king'amuzi kinawaka. Anaweza kubonyeza hadi usiku wa manane bila vyote viwili kuwaka kwa pamoja.

Walimu wa hisabati wanaweza kulithibitisha hilo ubaoni. Mchoro wa 0 na 1 unatosha: jozi (0, 1) ikigeuzwa huwa (1, 0), na ikigeuzwa tena hurudi (0, 1). Haiwezi kamwe kufikia (1, 1). Rimoti hiyo ni nzima na betri zake ni mpya. Kosa limo katika mpango wenyewe.

Zipo njia za kuuepuka mtego huo. Baadhi ya vyombo vina misimbo miwili tofauti, mmoja wa kuwasha tu na mwingine wa kuzima tu. Rimoti ikiwa na misimbo hiyo, haina haja ya kujua hali ya chombo. Vyombo vingine huamka kwa kubonyezwa kitufe cha namba ya stesheni, na vikiwa tayari macho amri hiyo haivizimi. Vyombo vilivyounganishwa kwa waya wa HDMI mara nyingi vinaweza kupashana habari vyenyewe, kimoja kikiwaka kikakiamsha kingine, ikiwa uwezo huo umeruhusiwa katika mipangilio. Mtu asiye na lolote kati ya hayo anaweza kukifunika kwa kiganja kipokezi cha chombo kimoja, abonyeze mara moja ili kingine kigeuke, na hali zote mbili zitalingana tena.

Kwa nyumba ya bibi yule wa Ludewa, mpango bora si lazima uwe wa fahari. Kwanza huorodheshwa kazi anazozihitaji: kuwasha, kuzima, kupandisha na kushusha sauti, na stesheni mbili azipendazo. Ni vitufe sita tu kati ya mia moja na ishirini. Runinga huachwa daima katika mlango wa king'amuzi, na sauti ya sabufa huwekwa katika kiwango cha kufaa na kuachwa hapo. Vitufe sita hufundishwa kwa rimoti moja na kutiwa alama za rangi. Rimoti nyingine huhifadhiwa kabatini. Hazitupwi, kwa sababu rimoti mpya ikipoteza kumbukumbu zitahitajika kuifundisha upya. Mwisho, bibi mwenyewe huijaribu mara kadhaa mbele ya mjukuu, na siyo mjukuu mbele ya bibi.

MAJARIBIO YA DARASANI

Sayansi hii yaweza kuchunguzwa katika shule yoyote ya sekondari yenye rimoti na simu ya kamera.

1. Elekeza rimoti kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe. Katika simu nyingi, hasa kwa kamera ya mbele, diodi huonekana iking'aa kwa rangi ya zambarau au nyeupe, ingawa jicho halioni kitu. Jaribio hili pia hutambulisha rimoti iliyokufa.

2. Simama ukiipa runinga mgongo, kisha elekeza rimoti kwenye kioo cha kujitazamia. Tafuta pembe ambayo runinga hutii, na ulinganishe pembe ya tukio na pembe ya mwakiso.

3. Weka mbele ya rimoti karatasi moja, mbili, tatu na kuendelea, halafu kitambaa, kioo cha dirisha, na bao jembamba. Andika katika jedwali vitu vinavyopitisha infraredi na visivyopitisha.

4. Pima umbali wa mwisho ambao runinga hutii kwa betri mpya, kisha kwa betri zilizochoka. Eleza tofauti iliyopo.

Betri zenyewe zinahitaji uangalifu. Zisichanganywe mpya na kuukuu, na rimoti isiyotumika kwa muda mrefu itolewe betri, kwani maji yanayovuja hula viunganishi vya chuma. Rimoti ndogo zinazotumia betri bapa zenye umbo la kifungo ziwekwe mbali na watoto wadogo. Betri ya namna hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo kwa muda wa saa chache, na mtoto anapaswa kupelekwa hospitali mara moja.

Mwanafunzi aliyejifunza saketi na mawimbi darasani amebeba ujuzi unaohitajika nyumbani kwao. Siku ya kufunga shule atakaporudi Ludewa, Mlangali au Manda, saa moja ya kupanga vitufe sita itamwezesha bibi yake kuisikia bei ya mahindi yake bila ya kumngoja mtu.